Honi Kwenye Vumbi la Ngano

Saa saba na robo mchana tulitoka shambani kwa lori na shehena ya pili ya ngano. Ghala la Katesh lilikuwa likifungwa saa kumi na mbili jioni, na dereva alitaka kuwahi kurudi kuchukua shehena ya tatu. Msimu wa mavuno shamba la serikali liliwalipa madereva nyongeza kwa kila safari iliyozidi mbili. Dereva wetu alikuwa mtu wa Gitting, mgeni kwenye njia ile. Mimi nilikuwa fundi wa kombaini. Nilipanda mbele kwake kufuata mkanda wa mashine mjini.

Mbele yetu trekta lilivuta tela. Dereva alilisogelea mpaka tela likapotea, likabaki vumbi.

"Ngoja vumbi litulie," nilimwambia.

"Fundi, wewe umezoea kombaini. Ile hata kuku anaipita."

"Na huyo kuku hufika nyumbani."

Alicheka, akatoka kulia, akaongeza mwendo. Tulipita bila kuona kitu. Vumbi lilipoisha, kundi la ng'ombe lilikuwa barabarani. Ngano ilikuwa imefunika njia yao ya zamani, kwa hiyo walipita hapo. Mzee mmoja aliyejifunga shuka nyeusi, lubega, begani alitangulia. Aliinua mkono, akapiga kelele tusizozisikia.

Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Dereva hakukanyaga breki, alikandamiza honi.

"Watapisha tu," alisema.

Ng'ombe waliinua vichwa. Halafu, badala ya kutawanyika, wakaja mbio kuelekea kwetu. Mzee akajitupa mbele yao akiwarudisha kwa fimbo. Breki ilipokanyagwa, lori liliteleza juu ya kokoto, likamgonga mzee.

Mdogo wake, naye mtu mzima, alikuwa nyuma ya kundi. Ndiye aliyetueleza, akiwa ameketi chini kando ya maiti. Wakati wa ukame lori la maji lilikuwa likiwaletea mifugo maji mahali pale, na likifika lilipiga honi. Ng'ombe hawakuwa wamesahau.

"Alikuwa anawaambia msipige," alisema. "Wenzenu wanazima injini, sisi tunawatoa ng'ombe, wao wanakwenda."

Dereva alisogea. "Shikamoo, mzee," alisema.

Yule aliivuta ile lubega, akamfunika kaka yake uso.

Baadaye nilijifunza kuendesha. Kwenye vumbi husimama mpaka niione barabara yote. Nikikuta ng'ombe huzima injini, nasubiri mwenye mifugo aniite kwa mkono. Honi siigusi. Abiria hunung'unika; nawaacha wanung'unike.

Dereva alifungwa, na alipotoka hakuendesha tena. Nilimkuta siku moja sokoni Katesh akibeba magunia ya watu. Safari ya tatu ya siku ile hakuifanya. Nyongeza ya safari hiyo ingekuwa shilingi arobaini.