Nani Amewauzia Ardhi Watu wa Sola?

Geti la malisho yangu ya nyuma lilikuwa limefungwa, na kondoo kumi na mmoja walikuwa wamekufa mbele yake.

Mtu wa mjini ukisoma hapo utasema, geti kufungwa ndiyo nini sasa? Tulia nikueleze.

Huku kwetu Kurrabin, mashambani Australia, mtoto anafundishwa hata kabla hajajua kusoma: geti liache kama ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, liache wazi. Lile langu huwa wazi mwaka mzima, kwa sababu hori la maji liko upande wa pili. Mwezi wa kwanza, joto digrii arobaini na nne, kondoo akikosa maji siku mbili ndiyo basi tena.

Mwenyeji hawezi kulifunga. Hata akiwa amelewa chakari.

Kwa hiyo alipita mgeni. Na mgeni gani apite huku, kama si wale jamaa wa sola?

Kampuni ilitaka kujaza paneli bonde letu lote, kuanzia barabara kuu mpaka kwenye nguzo kubwa za umeme. Mimi, Garth Pickersgill, ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga. Babu alilima ngano hapa, baba akalima, nami sikuwa tayari kuamka kila siku niangalie vioo. Kila Jumatano tulikutana ukumbini. Mabango tulitundika kila uzio.

Ubaya ni kwamba kampuni ilikuwa inasaini na watu kimyakimya, na ukishasaini mkataba unakuzuia kufungua mdomo. Basi kila mtu akawa anamchungulia mwenzake. Fulani kanunua pikapu mpya? Kaipata wapi? Fulani kakosa mkutano? Ahaa!

Nikafuata alama za matairi. Zilifuata uzio unaotenganisha shamba langu na la Lachie Trembath.

Lachie, jirani yangu wa miaka arobaini! Ndiye alikuwa kiongozi wa zimamoto yetu ya kujitolea. Mwaka ule wa moto mkubwa aliacha nyasi zake ziungue, akaja kuokoa nyumba ya mama yangu.

Nikampigia simu.

"Lachie, kuna watu wamepita kwako wiki hii?"

Nikasikia akifunga mlango kwanza.

"Kwangu hajapita mtu, Garth."

"Una uhakika, kaka?"

"Achana na hii habari. Nakuomba."

Nakuomba! Mtu asiye na kosa anaomba nini? Nikajisemea, ni huyu huyu.

Jumatano iliyofuata nikasimama ukumbini, watu kama sitini wananitazama. Noreen, mke wa Lachie, alikuwa anapanga keki zake mezani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Kuna mtu humu ndani ametuuza. Lachie, simama utuambie nani alifunga geti langu."

Lachie akasimama, shingo imemwiva nyekundu. Nilidhani atanitukana, na Mungu anajua nilitamani anitukane.

"Siwezi kusema," akajibu. Akavaa kofia yake, akatoka.

"Si mnaona!" mtu akapaza sauti kule nyuma. "Kajifunga mwenyewe!"

Siku ile hakuna aliyegusa keki za Noreen. Alizifunika, akazirudisha kwenye gari, na mimi nikaangalia pembeni.

Baada ya hapo tulimnyoosha, nisifiche. Barabara za huku mkipishana unainua kidole kwenye usukani, hata kwa usiyemjua. Kwa Lachie vidole viligoma. Zimamoto wakachagua kiongozi mwingine. Msimu wa kukata manyoya ulipofika, wale mafundi waliokwenda kwake kila mwaka wakasema wamebanwa. Alikata peke yake wiki tatu, mtu wa miaka sitini na tatu.

Nami nililala usingizi mnono. Niseme tu ukweli.

Mwezi wa nne kampuni ikaleta ramani ukumbini. Jamaa wao mmoja mpole kutoka Sydney akaibandika ukutani.

"Njano ni waliosaini, sasa si siri tena," akasema. "Nyeupe ni waliokataa."

Nikajipenyeza mbele kutafuta shamba la Lachie.

Nyeupe pe.

Lililokuwa la njano ni langu.

"Hapa mmekosea," nikamwambia.

"Hapana, mzee. Hili ni la Bi Thelma Pickersgill. Alisaini mwezi wa kumi na moja."

Mama yangu mzazi. Ana miaka themanini na mmoja, na hati ya shamba ina jina lake mpaka leo.

Sijui niliendeshaje gari mpaka nyumbani. Nikamkuta jikoni anamenya viazi.

"Mama, umesaini?"

Akaweka kisu chini. "Nimesaini. Wapimaji wao walipita hapa mlangoni Jumatano moja, wewe ukiwa kwenye mikutano yako. Nadhani ndio waliofunga lile geti."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ule ukame uliopita nilificha bunduki ya baba yako miezi saba, Garth. Unadhani nilikuwa sikuoni unavyokaa peke yako ghalani? Hela yao haingoji mvua. Shamba watu hupata lingine. Mimi mtoto mwingine sina."

Nikakaa chini.

"Na Lachie je?"

"Alikuwa shahidi wa sahihi yangu. Nilimwapisha asikwambie, nilitaka nikwambie mwenyewe. Nikawa naogopa, siku zikaenda. Kwani Lachie ana nini?"

Mama haendi ukumbini siku hizi, nyonga zinamsumbua. Na mimi sikuwahi kumsimulia nilichomfanyia jirani yetu.

Nikarudi mbio kwenye gari. Yule jamaa wa Sydney alikuwa amekiri mbele yetu wote: bila shamba la Lachie mradi hautoshi, wangefungasha. Kumbe mtu niliyemwita msaliti ndiye alikuwa amelishikilia bonde zima! Nikaapa nitampigia magoti, tena ukumbini, kila mtu aone.

Noreen ndiye aliyefungua mlango. Nyuma yake kulikuwa na maboksi.

"Lachie yuko wapi? Nimekuja kumwomba radhi."

"Yuko mjini Wagga, anaangalia nyumba ya kuhamia." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Tumesaini juzi."

"Lakini kwenye ramani..."

"Hiyo ramani ilichorwa kabla. Walikuja mara nne akawafukuza, Garth. Mara ya tano nikamwambia, kataa kama ulivyozoea. Akaniuliza, nikatae kwa ajili ya nani?"

Ndugu msomaji, kama unamshuku mtu, mfuate kwake mkae wawili. Na akikwambia hawezi kusema, fahamu kwamba kuna watu wanakubali kuchafuka kwa kutunza siri ya mwingine.

Leo paneli zimejaa kutoka barabarani mpaka kwenye nguzo. Wageni wakipita huniuliza ni nani aliyeuza hili bonde. Nawajibu kwamba ni mwenyekiti wa kamati ya kupinga.