Lori Zima Tulilolichinja Kasulu

Nilipoajiriwa katika karakana ya Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hali ilikuwa hivi. Tulikuwa na malori manne ya chapa moja ya Kiingereza, na vipuri vyake vilifika Kigoma kwa treni. Siku yangu ya kwanza Mkuu wa Karakana alinikabidhi brashi na mafuta ya taa nisafishe difu, yaani sanduku la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. "Lijue kwa vidole," alisema. "Macho yatafuata."

Baadaye wakala wa Dar es Salaam alituarifu kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza malori ya chapa ile, na vipuri havitakuja tena. Wakati huo wakimbizi wa Burundi walikuwa wakiingia Kibondo kwa wingi, na chakula chao kilitegemea malori yetu. Matatu yalikuwa yamelala: moja halina gia boksi, la pili halina difu, la tatu injini imepasuka. La nne, la dereva Ntibakazi, lilikuwa zima kabisa; mlango wake ulifungwa kwa kidole kimoja.

Nilimuuliza Mkuu kwa nini kiwanda kifute lori zuri na kubakiza pikapu zake zinazolalamikiwa.

"Injini ya pikapu inaingia karibu kila gari lao jingine," alijibu. "Lori hili halichangii na wenzake hata nati. Mauzo yakishuka, la namna hiyo huondoka kwanza."

Kisha akaamuru tulichinje lori la Ntibakazi. Kuchinja, kwa lugha ya karakana, ni kuvunja gari moja ili mengine yapate viungo.

Ntibakazi alikuja amevua kofia. "Mkuu, mabovu yanabaki, langu ndilo linakufa?"

"Mabovu yatatupa nini?"

"Kwa hiyo kosa langu ni kulitunza."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ningejua, ningeligongesha mti pale Heru Juu. Lingepona."

Mafundi walicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaomba afungue boliti ya kwanza kwa mkono wake. Nilimpa spana.

Sasa nimestaafu, nawasikia vijana wakisema kila chapa iliyotoweka ilikuwa mbovu. Sivyo. Kiwanda kilifuta gari lisilo na cha kuwapa wenzake. Sisi tulichinja lenye kila kitu cha kutoa. Ubora haukuliokoa kule wala huku.

Malori matatu yalirudi barabarani, na chakula kikafika Kibondo. Ntibakazi alipewa lile lililopata injini yake, akaliendesha mpaka alipostaafu.