Mechi za Kumngojea Duane

Shemeji yangu Duane ni mpishi kwenye meli ya kubeba madini katika Ziwa Superior. Huondoka Machi, hurudi Januari ziwa likiganda. Mkewe, dada yangu Arlene, humrekodia mechi zote za hoki, lakini yeye mwenyewe hazitazami. Humngoja wazitazame pamoja jioni, miguu ndani ya blanketi moja. Mbali na hoki, mazungumzo mengine baina yao sijawahi kuyasikia.

Mwaka juzi diski ya dekoda ya televisheni ilijaa Desemba, mechi sita zikapotea. Oktoba iliyofuata akaniburuta dukani kununua diski kubwa zaidi.

"Chukueni hii ndogo," muuzaji akasema.

"Hiyo ni ya kuwekea picha za harusi," nikamjibu. "Tunataka inayoandika kutwa kucha bila kuchemka, kama zile za kamera za ulinzi. Terabaiti nne."

Nilipoichomeka nyumbani, dekoda ikaandika kwenye skrini: vyote vilivyomo vitafutwa, endelea?

Arlene akashtuka. "Kwani kuna nini humo?"

"Hamna kitu, dada. Ni mpya. Dekoda lazima iifomati kwanza, yaani iisafishe na kuiandaa, ndiyo irekodi."

Akabonyeza Ndiyo.

Miezi mitatu alikimbia matokeo. Alizima redio garini. Kazini aliwaziba watu midomo. Kwenye simu alimkataza Duane kugusia hoki. Hata mimi, ndugu wa tumbo moja, nilifukuzwa mezani kwa kosa la kutabasamu Jumatatu asubuhi baada ya mechi.

Duane akarudi. Alikula viazi na nyama, akajitupa kwenye kochi. Arlene akatandaza blanketi, akawasha mechi ya kwanza kati ya arobaini na mbili.

"Aa, hii?" Duane akapiga mwayo. "Tulishinda nne kwa mbili. La mwisho tulifunga golini hamna kipa!"

"Umejuaje?"

"Meli ina intaneti siku hizi, mama. Tumeziona zote na vijana."

"Zote?"

"Zote. Si ulinikataza kuzitaja?"

Nilitaka kumrushia sahani, lakini hata hasira haikuja. Uso wa Arlene ulikuwa umetulia, kama wa mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Weka filamu basi," Duane akasema, akitoa simu mfukoni.

Arlene akachukua rimoti, akaenda kwenye mipangilio. Dekoda ikaandika: vyote vilivyomo vitafutwa, endelea?

"Kwani kuna nini humo?" Duane akauliza, macho kwenye simu.

"Hamna kitu," dada yangu akasema, akabonyeza Ndiyo.