Mishiri ya Kwa Jirani

Juzi binti wa jirani yetu wa kijijini Kabazi alinitumia picha kwenye simu. Yuko Uingereza. Amesimama ndani ya duka kubwa, ameshika pakiti ya mishiri, na juu ya pakiti imeandikwa Kenya. Chini ya picha ameandika, "Unakumbuka?" Mimi nilikuwa mtaani kwangu Free Area, Nakuru, nimepanga foleni ya maji na ndoo zangu. Nakuambia mapema, rafiki yangu, ili usije ukashangaa mbele ya safari: mimi ni mtu wa kijicho. Kabla sijaiona hiyo mishiri, nililiona koti alilovaa.

Kama hukulelewa pande zile, mishiri ni yale maharagwe machanga, membamba, yanayoliwa pamoja na maganda yake. Nilipokuwa mdogo hatukuijua. Tulijua mahindi, viazi, na managu, mboga iliyojiotea yenyewe. Nilikaa kwa Shosho, mama mzaa mama, katika nyumba iliyonuka moshi na maziwa. Mama yangu alikuwa ameandikwa kazi Milimani, huko mjini Nakuru, kulea watoto wa watu na kuwafulia. Alikuja mwisho wa mwezi, Jumamosi, na mkate na nguo zilizowabana watoto wale. Jumapili baada ya kanisa alikuwa ameshaenda.

Kati yetu na jirani palikuwa na ua wa kayaba wenye pengo. Shosho alipita pale kwenda kuchuma managu kwa jirani, na jirani, mama wa yule binti, alipita kuja kuchukua majani ya malenge kwetu. Hakuna aliyeomba. Mtu alisema tu akiwa ameshainama, "Nachuma ya jioni," na mwenye shamba akaitikia kutoka jikoni.

Halafu jirani akaanza kulima mishiri ya kupeleka ng'ambo. Kampuni moja ilimletea mbegu, ikamletea na masharti. Kuku waliondolewa wote. Pengo likazibwa kwa waya. Pakajengwa kibanda cha kuchambulia, na aliyeingia alinawa mikono kwanza na kuvaa koti jeupe, utafikiri anaingia kumpasua mgonjwa. Alasiri lori lilikuja, na tuliambiwa mishiri ile inapanda ndege usiku huohuo. Shosho alisimama kwenye waya na sufuria yake, akarudi bila managu.

"Huyu nilimfundisha kupanda sukuma mimi mwenyewe," aliniambia. "Leo ananiambia ninawe mikono."

Sitadanganya, mambo ya jirani yalinyooka. Alinunua tangi la maji, akaweka mabati mapya, akavuta stima. Wanawake wengi wa pale walipata kibarua cha kuchuma, na watoto wao wakavaa viatu. Shosho aliona haya yote, na roho ikamuuma waziwazi. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini mbele ya mabati yale ukristo wake ulikuwa unateleza kidogo. Kila yalipong'aa alisema yatapata kutu.

Mimi mabati sikuyajali. Nilichomwonea gere binti wa jirani ni kwamba mama yake alikuwa nyumbani. Jumapili jioni walikaa kwenye ngazi za mlango, binti chini, mama juu, anamsuka polepole huku wakipiga porojo. Mimi nilisukwa na Shosho, ambaye alivuta kwa nguvu na kusahau nyuma ya kichwa. Tulisoma darasa moja, na kila Jumatatu nilikaa dawati la nyuma yake nikiihesabu ile mistari iliyonyooka. Nilimwonea wivu hata siku alizochapwa, maana aliyemchapa alikuwa mama yake.

Nadhani Shosho aliliona hilo, ingawa hakulisema. Mwisho wa mwezi mmoja alimwambia mama yangu aache kazi ya Milimani. Pale pa mahindi pangelimwa mishiri, na mama ndiye angeisimamia. Mama alirudi na godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba, na mimi nikalibeba begi lake kutoka barabarani bila kukubali kusaidiwa.

Basi nikwambie msimu ule ulivyokuwa. Tuliamka kabla ya umande kukauka, na majani yalitulowesha sketi hadi kiunoni. Palinuka udongo baridi na kitu kibichi ambacho hadi leo sijakipatia jina. Mama alichuma akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Kampuni ilitaka mishiri iliyonyooka kama penseli, kwa hiyo iliyopinda ilibaki kwetu, tukaila na viazi kila jioni. Shosho alicheka. "Ikishaingia kwa sufuria," alisema, "nani anaona imepinda?" Na Jumapili nilikaa kwenye ngazi zetu, mama juu, mimi chini. Nilihakikisha tumekaa upande unaoonekana kwa jirani.

Lori lilichukua mavuno yetu ya kwanza na ya pili, tukalipwa vizuri. Ya tatu yalikuwa yameshapangwa kwenye kreti, yamefunikwa magunia mabichi, wakati lori lilipokosa kuja. Kesho yake dereva alikuja na pikipiki, hana hata kikapu.

"Mathe, ndege haziruki," alimwambia Shosho. "Kuna mlima huko Ulaya umelipuka. Juu kote ni majivu."

Shosho alifunua gunia moja, akalifunika tena. "Menengai nayo ni mlima wa moto, iko hapo tu juu ya mji," akasema, "na haijawahi kusumbua mtu."

Mishiri ililala, ikaanza kutoa ute. Iliyokuwa bado shambani ikakomaa na kuwa migumu, na kampuni haitaki iliyokomaa. Tukampa ng'ombe. Kufa kufaana; alinenepa, na chai ya wiki zile ilinuka majani. Kwa jirani hali ilikuwa hiyohiyo, lakini yeye alikuwa na shamba kubwa na akiba, akastahimili. Ndege ziliporuka tena, kampuni ilisema itachukua kwa wakulima wakubwa peke yake. Sisi ghalani hatukuwa na mahindi, kwa sababu pale pa mahindi tulikuwa tumepanda chakula cha watu wengine. Mama alikunja godoro lake.

"Hapa hakuna kitu," aliniambia. "Wacha nirudi nitafute."

Nilisimama kwenye kayaba nikiwasikia binti wa jirani na mama yake wakigombana kwa sababu ya soksi. Nilimchukia yule binti siku ile, na hakuwa amenikosea lolote.

Sasa mengi yamekwisha. Shosho ametangulia. Kampuni ilihama, kibanda kikawa cha kuweka kuni, na managu hununuliwa sokoni, yamefungwa mafungu. Ile mishiri ilimsomesha mwenzangu, yule binti wa jirani, hadi akavuka kwenda ng'ambo, na huko kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Mama yake naye amezeeka, miguu imekataa kumbeba. Mwaka ambao mama yangu aliacha Milimani kwa mara ya mwisho, nilijisemea sasa ni wangu. Nilikuwa hata nimemnunulia kitanda. Kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta mtu mwaminifu wa kukaa na mama yake.

Kwa hiyo mama yangu analala kwa jirani. Mshahara unatoka Uingereza na haujawahi kuchelewa, unashinda ule wa Milimani, na ndio unaomlipia mwanangu karo. Mama anasema hajawahi kupata mwajiri mzuri kama yule. Naamini. Nikimpigia simu jioni nasikia kijiko kikigonga bakuli, na ananiambia ningoje, anamlisha mama wa mwenzangu.

Krismasi inakaribia, na nimetaka mama aje kwangu Free Area, alale usiku mmoja tu. Alisema yeye hana neno, ila niongee na mwenye kazi. Jana nikakaa na simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena kwa adabu zote, nikimwomba aniazime mama yangu. Mwenzangu alijibu upesi. Ni mtu mwema, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

"Usijali my dear," aliandika. "Wacha nione kama nitapata mtu wa kumshikia zamu."