Njia ya Koko Ukutani

Nakumbuka asubuhi ile Koko alipopotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliyempoteza ni mimi, mwanangu, na nilikuwa nimesimama pale na brashi ya chokaa mkononi, nikingoja kusifiwa.

Nianze mbali kidogo, uvumilie, maana naandika polepole. Nilizaliwa Andilana, kule kisiwani Nosy Be, enzi za Wafaransa. Shule niliishia madarasa ya chini, na nilikuwa kijana mwenye haya nyingi. Chakula kikikosa chumvi nilikila hivyo hivyo kuliko kuiomba. Nilipomwoa Zaliha nilihamia kwao mjini Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, kwa sababu kwetu sisi wenye asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayeingia na sanduku lake. Nyumba hiyo Zaliha aliachiwa na marehemu mama yake, naye mama yake alipewa na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, ambaye alikuwa bado hai na analala chumba cha nyuma. (Nyumbani tulisema Kikomoro, na Kisakalava cha wenyeji kikiingia katikati. Hapa nakuandikia kwa Kiswahili nilichorithi kwa baba yangu.)

Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe na chokaa, vyumba viwili na ukumbi mwembamba kati yake, paa la majani ya mnazi-mwitu, baraza mbele. Ukutani mwa ukumbi mlikuwa na vidaka, vile vijidirisha visivyotokea nje, vya kuwekea taa na vikombe. Ukiitazama kwa mbali ilipendeza. Ukikaribia uliona mchwa wamekula boriti, paa linavuja, na kona ya mbele imepasuka.

Mjomba wake Zaliha, mtoto wa kiume wa Koko, alikuwa amekwisha kuamua.

"Tuiangushe kabla ya mvua," alisema. "Tujenge ya mbao na mabati, madirisha mapana kama ya Wazungu kule pwani. Mama atakaa kwangu."

Koko alikuwa haoni, macho yalikwisha kuzimika zamani. "Nikitoka hapa kwa miguu yangu," alijibu, "sitarudi kwa miguu yangu."

Nami nilijua anasema kweli. Kwa Mjomba angeshikwa mkono hata kwenda chooni. Hapa alijipikia chai yake, akaimimina bila kumwaga.

Basi nikataka kumwonyesha Mjomba kwamba nyumba inaweza kupona. Asubuhi hiyo Zaliha alikwenda sokoni, na Koko alikuwa amejinyoosha baada ya sala. Nikakoroga chokaa, nikaanza na ukumbi. Ukutani, usawa wa kiuno, palikuwa na mstari mweusi unaong'aa, umetoka chumba cha nyuma mpaka mlango wa mbele. Nikauona ni uchafu. Nikaziba vishimo vyote, nikalainisha, nikapaka. Ukuta ukawa mweupe kama kanzu ya Idi.

Koko akatoka. Akaweka kiganja ukutani, akapiga hatua, akasimama. Mkono ukapanda, ukashuka, vidole vikaloa chokaa.

"Nani amenileta nyumba ya watu?" akauliza.

"Ni hapa, Koko."

"Si hapa."

Akakaa chini palepale, kama mtoto aliyeachwa gatini. Mwanangu, nimeona watu wakilia sana maishani, lakini hakuna kilio kilichonikata kama ukimya ule.

Baadaye akasema, "Bwana wetu, uliyoifuta ni njia yangu. Penye kishimo nageukia jikoni. Penye jiwe lililojitokeza nainua mguu, kuna kizingiti. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, Koko."

"Haya ni nzuri. Lakini leo haya yako imenifanya mgeni kwangu."

Zaliha aliporudi na kikapu, Koko akamwita, "Mke mwenzangu, njoo. Mume wetu amenifungia barabara." Alikuwa ameanza kunitania, nikapata kupumua.

Mjomba alifika alasiri kwa pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu. Habari alikwisha kuipata njiani. "Si mmeona?" akasema kabla hajavua viatu. "Amepotea tayari. Kama ni kupotea, bora apotee katika nyumba mpya."

Zaliha akanitazama. Mjomba akaona, akacheka. "Bwana harusi wa Andilana, kumbe una neno?"

Nilikuwa nalo. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mjomba, kilichooza ni boriti na paa. Kuta ni nzima, ila ile kona. Nipe mpaka mvua ya kwanza. Nitabadilisha juu, na huku chini sitagusa kitu ila kwa ruhusa ya Koko."

Ndipo Mjomba akavua viatu. "Mvua ya kwanza," akasema. "Ikivuja, namchukua mama yangu."

Jioni ile ile, chokaa ikiwa bado laini, niliikwangua kwa kifuu cha nazi. Koko akachovya vidole katika vumbi la mkaa, akatembea nyumba nzima taratibu. Palipobaki alama ya vidole vyake, brashi yangu haikupita tena. Vile vishimo nilivyoviziba nilivichimba upya kwa kijiko, naye amesimama nyuma yangu. "Ndani kidogo. Umezidisha. Hapo, hapo."

Kisha nikashika kazi ya juu. Nilitoa boriti mbovu nikaweka mpya za mikoko, nikaezeka majani mapya, nikaishona kona kwa mawe na chokaa. Zaliha aliomba dirisha la mbele lipanuliwe, nami safari hii nikaenda kuuliza. "Lipanueni," alisema Koko. "Mimi halinihusu, lakini mke mwenzangu ana macho."

Mvua ya kwanza ikaja kwa kishindo. Mjomba naye akaja, ameloa. Alisimama ukumbini ameinua uso, akilikagua paa boriti kwa boriti. Hakuna kilichodondoka. Na macho yakiwa juu, mkono wake wa kulia, wenyewe tu, uliingia katika kidaka kilicho karibu na mlango, ukapapasa mpaka kwenye kona.

Koko alisikia kucha zikikwaruza. "Sukari guru siku hizi naiweka jikoni," akasema.

Mjomba akashtuka, akautazama mkono wake. "Ulikuwa unajua nilikuwa naidokoa?"

"Tangu una meno ya utoto."

Akacheka, na mkono hakuutoa upesi. Habari ya kumchukua mama yake hatukuisikia tena. Koko aliishi humo mpaka siku yake ilipofika, na alitoka amebebwa, kama alivyotaka.

Mwanangu, siku moja utakabidhiwa nyumba kuukuu, au kitu kingine kilichowahi kuwa na wenyewe. Kilichooza kitoe, usikionee huruma, paa bovu halina heshima. Panua dirisha kama mnahitaji mwanga. Lakini kabla ya kuchovya brashi, kaa kwanza utazame watu wanashika wapi, wanaegemea wapi, na uwaulize. Ukiona haya, uliza na haya yako hivyo hivyo. Usiseme huu ni uchafu mpaka ujue umewekwa na mkono wa nani.

Macho yangu nayo yameanza kufifia. Asubuhi natoka chumba cha nyuma, naweka kiganja ukutani, usawa wa kiuno, na mstari unanipokea. Kwenye kishimo nageukia jikoni.

Mungu akujalie paa lisilovuja na watu wa kuwauliza chini yake. Na ukizeeka, ukuta wako ukutambue. Amin.