Mchonga mawe ya makaburi aliyeuvuka umri wa baba yake

Saa moja na nusu asubuhi, maji yanatiririka juu ya jiwe la marumaru lililolazwa kwenye meza ya chuma. Mwanamume aliyevaa barakoa nene ya mpira anainama, anaelekeza tindo kwenye pembe ya herufi, anagonga mara mbili, anasita, kisha anagonga tena. Tope jeupe linachuruzika kwenye aproni yake mpaka kwenye buti.

Herufi ikikamilika anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja kama anayelenga shabaha, anaridhika. Anavua barakoa na kuvuta pumzi ndefu ya kifua kizima.

"Umesikia?" anauliza. "Kimya. Zamani hiki kifua kilikuwa kinapiga filimbi kama trafiki wa njia panda."

Mtaani wanamwita Karani. Hajawahi kukaa ofisini hata siku moja, lakini kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa kuandika majina ya watu na tarehe zao mbili, ya kuja na ya kuondoka. Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na tisa.

Kwa mtu mwingine huo si umri wa kuandikwa gazetini. Kwa Karani ni jambo zito, kwa sababu katika ukoo wao hakuna mwanamume anayekumbukwa kuwa aliwahi kuufikia. Babu yake alifariki akiwa na hamsini na mitano. Baba yake, hamsini na mitatu. Baba yake mdogo, hamsini kamili.

"Nilikua nikilijua hilo kama ninavyojua jina langu," anasema huku akifuta mikono kwa tambara. "Wengine kwao wanarithi upara. Sisi kwetu tunarithi kuondoka mapema. Basi, nikajipanga hivyo."

Kujipanga kwenyewe kulikuwa ni kuishi kama mtu asiye na kesho. Alianza sigara akiwa na miaka kumi na tisa, na alipofika arobaini alikuwa anamaliza vijiti thelathini kwa siku. Alikata mawe makavu, bila maji wala kitambaa puani, vumbi likapanda mpaka nyusi zake zikawa nyeupe. Mchana alikula nyama ya kukaanga na chumvi ya kuongeza, akashushia soda mbili. Jioni ilikuwa baa, kiti kilekile, mpaka mwenye baa aanze kupanga viti vingine juu ya meza.

Miaka minane iliyopita alikufa mdogo wake, dereva wa lori, akiwa na miaka arobaini na minane. Alianguka asubuhi akikagua matairi kabla ya safari. Kiharusi. Walipomfikisha hospitali, hakukuwa na la kufanya tena.

Karani alikataa jiwe la ndugu yake lichongwe na mtu mwingine.

"Nilichonga nikiwa na sigara mdomoni," anakumbuka. "Majivu yakadondoka kwenye tarakimu ya nane. Nikayapuliza, nikaendelea na kazi. Leo nikikumbuka najishangaa. Wakati ule sikuona kitu."

Wiki chache baadaye alichagua kipande kizuri cha marumaru nyeupe na kuanza kuchonga jiwe lake mwenyewe. Aliandika jina, akaandika mwaka wa kuzaliwa na kistari, halafu akaacha nafasi. Alitaka kuwapunguzia watoto usumbufu.

Aliyeligundua ni binti yake wa pekee, ambaye Karani humwita Mama kwa kuwa amebeba jina la bibi yake. Wakati huo aliuza vifaa vya ofisi dukani, na siku hiyo alikuwa amempelekea baba yake chakula. Akainua turubai akitafuta mahali pa kuweka sahani.

"Baba, hili la nani?"

"Si unajua kusoma? Soma."

Binti akasoma. Akapitisha kidole baada ya kistari, akasema, "Nafasi ya mwaka umeiacha finyu. Kwani umeshaujua?"

Karani anasema hajawahi kupigwa kofi likamuuma kama swali lile. Hata hivyo alivuta sigara nyingine, siku zikapita.

Mwaka uliofuata aliingia mteja, muuguzi wa zahanati iliyo upande wa pili wa soko, kuagiza jiwe la mama yake. Karani akapokea karatasi ya maelezo, akapiga hesabu kichwani kama ilivyo desturi yake. Miaka themanini na minane.

"Ninyi mna bahati, binti yangu," alimwambia. "Damu yenu ni ndefu. Sisi kwetu ni fupi."

Muuguzi hakucheka. Alimtazama macho, akatazama vidole vilivyogeuka rangi ya kahawia, akasikiliza pumzi.

"Fupi kwa nani, baba?"

"Kwa ukoo. Babu, baba, baba mdogo, sasa mdogo wangu."

"Hao wote ni wanaume. Na wanawake wa kwenu je?"

Hao Karani hakuwahi kuwahesabu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amehesabu nusu ya ukoo.

Jumapili hiyo alimchukua dada yake mkubwa, mjane mwenye ulimi mkali ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja, wakaenda makaburini mchana kweupe. Mengi ya mawe yale aliyachonga mwenyewe, lakini hakuwahi kuyasoma kama msomaji. Shangazi mkubwa, themanini na minne. Shangazi wa pili, sabini na tisa. Wa tatu, themanini na mmoja. Baba mmoja na mama mmoja na wale wanaume waliolala mstari wa mbele.

"Dada, hawa ni damu yetu," alisema.

"Ulidhani ni wapangaji?"

"Sasa mbona wao waliishi?"

Dada akakaa kwenye ukingo wa saruji, akavua kiatu na kukung'uta mchanga. Alikuwa na jibu, na ni kama alikuwa amelisubirisha tangu utotoni.

"Sisi tulikuwa tunawapikia, mnakula, tunakula kilichobaki. Ile nyama ya mafuta ilikuwa ya wanaume. Chumvi ya mezani ya wanaume. Kwetu zilibaki mboga na maharage. Sigara, nani angemruhusu msichana? Maji tulifuata kwa miguu, kuni kwa miguu, ninyi mmekaa mnazungumza mambo ya maana." Akavaa kiatu. "Heshima mliyopewa ndiyo iliyowamaliza."

Karani anasema alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamkamata hadi akashika jiwe la baba yake asianguke. Ndipo kicheko kikaisha.

Jumatatu alikwenda zahanati. Muuguzi yule akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa, akasoma, akaujaza tena kuhakikisha. Presha mia moja themanini na mbili kwa mia moja na nane. Uzito kilo mia moja na nne. Daktari akamwandikia dawa za kumeza kila siku, akampa na orodha ya mambo ya kuacha.

"Nikamwambia daktari, orodha hii ni mimi mwenyewe. Ukiniondolea haya yote, atabaki nani?"

Muuguzi anakumbuka siku hiyo vizuri. "Sikumuahidi miaka," anasema. "Hakuna anayeweza. Wapo wanaojitunza na bado wanaugua, na wanawake wenye presha ninao foleni nzima. Nilimwambia tu kwamba kuna mambo yaliyo mikononi mwake, naye alikuwa amekunja mikono."

Kuacha sigara kulimtoa jasho. Mara ya kwanza alivumilia siku kumi na moja. Mara ya pili wiki saba, akarudia msibani baada ya rafiki kumpa kijiti akidhani anamfariji. Mara ya tatu mawazo yalimhama kiasi kwamba aliruka herufi katika jina la marehemu, na jiwe halina kifutio. Akalitupa, akanunua jingine kwa fedha yake mwenyewe, na akafikiria kufunga karakana.

Binti yake ndiye aliyemwokoa. Aliomba ruhusa dukani, akaja na penseli na rula, akachora herufi zote juu ya jiwe ili baba afuate mistari tu. Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukawa kazi. Leo herufi nyingi zinazotoka hapa ni za mkono wake, na wateja wengine humwulizia yeye kwanza.

"Alikuwa hasemeki," binti anasema akicheka. "Ukimsalimia anakujibu kama umemkanyaga. Nikamwambia, Baba, nuna utakavyo, ila usiende kibandani kwa yule muuza sigara."

Sambamba na hayo, alivuta bomba la maji mpaka kwenye meza ya kukatia, vumbi lisiruke, na wote wawili wakaanza kuvaa barakoa. Akaacha kupanda pikipiki kwenda kazini. Anatembea dakika thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Kikopo cha chumvi kikaondoka mezani. Soda akaiacha kwa shingo upande, na hadi leo anaizungumzia kama mchumba aliyeolewa na mtu mwingine.

Lakini si kila alilofanya lilikuwa jema, naye halifichi. Alipopata nafuu aligeuka mhubiri. Mjane mmoja kijana alikuja kuagiza jiwe la mumewe, mwenye miaka arobaini na mitatu, naye Karani akamwuliza hapo hapo, "Alikuwa anavuta?"

Mwanamke yule alimtazama, machozi yakamjaa, akachukua karatasi yake akaondoka. Hakurudi. Binti hakuzungumza na baba yake siku nzima. Shemeji yake, mke wa marehemu mdogo wake, aliposikia akamwambia maneno ambayo Karani anayarudia taratibu: "Shemeji, mtu akifiwa usimpe hesabu. Mpe kiti."

"Nilikuwa nimekosea," anasema. "Marehemu hawezi kubadilisha kitu, na aliyebaki ana mzigo wa kutosha. Siku hizi mteja akija nanyamaza. Nikitaka kusema, nawasema walio hai wa kwetu, ambao wana haki ya kunitukana."

Na hao aliwasema kweli. Alianza na mpwa mmoja, mwalimu, wakakubaliana kwenda kupima presha pamoja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wakafuata wengine. Sasa ni wanaume tisa wa ukoo, wenye miaka kati ya thelathini na hamsini na tisa, wanaokutana karakana na kutembea kwa miguu mpaka zahanati, wakitaniana njia nzima. Watano walikutwa na presha ya juu bila kujua. Wawili wameacha sigara. Mmoja amemwambia mkewe kuwa naye ameacha, lakini Karani anasema pua yake ya mvutaji wa zamani haidanganyiki.

Presha yake sasa, kwa dawa na kwa mwendo, hucheza kwenye mia moja thelathini kwa themanini na kitu. Amepungua kilo ishirini na moja. Siku alipotimiza miaka hamsini na sita, na kuwa mwanamume mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi katika ukoo wake, hakufanya sherehe. Alilitoa lile jiwe lake jeupe chini ya turubai, akalikata kingo, akalipiga msasa na kulipeleka jikoni kwa dada yake liwe meza ya kukandia unga, maandishi yakitazama chini.

"Nilimwuliza, unanipa kaburi lako nikandie?" dada anasema. "Akaniambia, 'Ni marumaru nzuri, dada, itapotea bure.' Basi, nakandia. Unga haushiki hata kidogo."

Mwezi wa sita, Mungu akipenda, Karani atatimiza sitini. Dada na binti wanataka kupika na kualika watu. Yeye anataka kitu kimoja tu, nacho kina jina la mtu: mtoto wa baba yake mdogo, fundi magari mwenye karakana barabara ya nyuma. Ana miaka arobaini na tisa, uzito kama wa Karani wa zamani, na sigara sikioni. Baba yake ndiye aliyekufa akiwa na hamsini. Kwa miezi mitano amealikwa kwenye matembezi ya Jumamosi, na kwa miezi mitano amekuwa na gari la dharura la kutengeneza.

"Anaogopa," Karani anasema. "Namjua. Anadhani kipimo kitamwambia tarehe."

Mazungumzo yetu hayajaisha simu inapoita. Anaipokea kwa kidole cha mwisho kwa sababu vingine vina tope, anaiweka kwenye benchi na kufungua sauti.

"Kaka," inasema sauti nzito, huku nyuma yake nyundo zikigonga chuma. "Hicho kipimo chenu kinauma?"

"Hakiumi. Kinabana mkono kidogo tu."

"Na wakikuta mambo mabaya?"

"Tutarudi nyumbani pamoja, na kesho yake tunaanza. Mimi walinikuta na mabaya, si unaniona?"

Nyundo zinaendelea kugonga.

"Mke wangu anasema nikuulize mnaondoka saa ngapi."

"Mkeo ndiye anayesema?"

"Haya, ni mimi. Saa ngapi?"

Karani anamtajia saa, anakata simu, anabaki ameshika ukingo wa meza. Maji yanaendelea kutiririka juu ya jiwe. Binti yake ameacha penseli, anamtazama.

"Mama," anamwambia hatimaye, akirudisha barakoa usoni, "niandikie ujumbe kwa wale wengine. Jumamosi tutatoka nusu saa mapema. Yule ni mzito, itabidi tutembee polepole."