Mwiko Wenye Mfereji Mgongoni

Mwiko wangu wa kusongea ugali ukigusa maji ya moto hutoa harufu ambayo haina uhusiano wowote na chakula. Ni harufu ya mafuta ya kitani, ya mbao ya zamani, na kwa mbali sana ya chuma. Hudumu kitambo kidogo tu, kisha unga unaifunika. Wageni wangu hawaisikii. Wanachokiona wao ni umbo la mwiko wenyewe: ni mwembamba kuliko miiko mingine, na mgongoni una mfereji ulionyooka tangu mwanzo wa mpini hadi karibu na bapa. Huniuliza mfereji huo ni wa nini, nami huwajibu kwamba ndivyo fundi alivyopenda, maana ugali hausubiri hadithi. Ninyi mmeshakaa, kwa hiyo ninyi nitawaambia.

Tulikuwa tukiishi Chatsworth, kusini kabisa mwa Afrika, katika vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya familia ya Kihindi iliyokuwa ikikaanga vitunguu na binzari tangu asubuhi. Wazazi wangu walitoka Uvira, kule Kivu, nikiwa mtoto wa mgongoni. Chumba cha tatu cha uani kilikuwa cha Bi Zuhura, mjane kutoka Tanga, mshonaji, mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake. Tulitenganishwa naye na ukuta mmoja na Kiswahili. Mimi nilimwita baba yangu Papa, kama watoto wote wa kwetu, na Bi Zuhura hakuchoka kuniuliza huyo papa alivuliwa bahari gani na ana meno mangapi. Nasi tulimcheka alipoiita sombe yetu kisamvu.

Papa alikuwa seremala katika karakana ya samani kule Jacobs. Mama alikuwa na bega bovu, la kulia. Ilipofika miezi ya baridi alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku ameuma mdomo. Mimi niliamini kwamba bega ni ugonjwa kama mafua, na kwamba kila mama hupewa kiungo chake kimoja cha kumuuma. Wa rafiki yangu aliumwa magoti, kwa hiyo sikuona ajabu.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja wa Queensburgh, Mzungu aliyeitwa Hendrik, aliyewahi kutengenezewa viti na Papa. Marehemu baba yake alipigana vita vya zamani akiwa juu ya farasi, na bunduki yake fupi ilipotea kabla Hendrik hajazaliwa. Mzee alitaka mfano wake autundike chini ya picha ya baba yake kabla macho yake mwenyewe hayajazimika kabisa. Alikuwa amenunua bunduki kuukuu ya jeshi, ndefu, iliyokwisha kuuawa kisheria: mtutu ulikuwa umezibwa kwa chuma na haikuweza tena kumdhuru hata njiwa. Chuma kingefupishwa na fundi mwenye leseni. Mbao ilihitaji seremala. Papa alikubali, na Jumamosi moja alishuka kwenye taxi akiwa amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya blanketi.

Mama alikuwa anaanika nguo. Alikijua kabla blanketi halijafunguliwa.

“Papa Mapendo, ile ni nini?”

“Iko mbao tu, mama. Chuma ilibakia Jacobs.”

“Mbao ya nini?”

Papa aliangalia viatu vyake.

“Basi ile kitu haitalala mu nyumba yenye mi nalala,” Mama alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. “Siku itatoka, nitarudia.”

Aliingia ndani akachukua sufuria, mfuko wa unga, mashuka na mkono wangu, akahama. Alihamia mlango wa pili, kwa Bi Zuhura.

Mwanzoni niliona ni sikukuu. Nililala katikati ya vitambaa vya watu, nikala vitumbua, nikasimuliwa Tanga yote. Jioni Mama alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika, akaniambia “Peleka” bila kutaja jina, nami nilitoka mlango huu nikaingia ule. Papa alipokea kwa mikono miwili na kuuliza bega la Mama limeamkaje. Nilirudi na swali lake, nikaenda tena na jibu, nikarudi na jibu la jibu. Nilijiona mtu muhimu sana.

Kisha Mama akatundika gauni lake la kanisani kwenye msumari wa Bi Zuhura. Hapo ndipo nilipoogopa. Shuleni kulikuwa na msichana ambaye baba yake alikwenda kukaa Johannesburg “kwanza”, na hiyo kwanza haikuisha. Mtu hatundiki gauni la Jumapili mahali anapopita tu, hata mtoto anajua hilo. Usingizi ulinipotea, na vitumbua vikapoteza ladha.

Mchana wa Jumamosi iliyofuata, msumeno ulianza kuimba upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini na kukaa mikono mitupu mpaka msumeno uliponyamaza. Bi Zuhura alisimamisha cherehani yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mtu.

“Mama Mapendo, nakuelewa,” alisema. “Kwako wewe bunduki ni mwiko. Hilo hata mumeo analijua. Lakini mtu yuko pale peke yake, na wewe uko hapa peke yako, na mimi nimekaa katikati kama ukuta.”

Mama aliuchukua tena ungo wake. Mimi nilibaki na neno moja tu. Nyumbani kwetu mwiko ulikuwa mwiko: ule uliokaa kando ya jiko na kunipata matakoni nikichezea moto. Kitu kilichokatazwa tulikiita muziro, kama walivyosema wazee wa Kivu. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba watu wa Tanga wana mwiko mwingine, usioshikika. Kwa hiyo nilichosikia ni kwamba bunduki kumbe ni kifaa cha kusongea ugali, kwamba watu wazima wote wanajua, na kwamba ugomvi huu ulikuwa wa kutokuelewana tu. Nilitoka mbio kwenda kwa Papa.

Alikuwa amekaa kizingitini, mbao ile imelala magotini mwake, fupi sasa. Kipande alichokikata kutoka mbele kilikuwa chini kwenye unga wa msumeno.

“Papa, Bi Zuhura anasema bunduki iko mwiko.”

Alinitazama. Halafu akacheka, na akaendelea kucheka mpaka akafuta macho kwa kiganja, vumbi la mbao likamganda usoni.

“Alisema vile mbele ya Mama?”

“Ndiyo. Na Mama hakukatala.”

Aliinama akakiokota kile kipande. Kilikuwa na mfereji ndani yake, pale mtutu ulipokuwa unalala. Alikipima kwa kiganja, akakinusa, akasema ni noyer safi, mjozi, mti wa kudumu.

“Basi itakuwa mwiko,” alisema.

Tangu hapo ukuta ulitoa sauti nyingine: tupa, kisha msasa, kisha msasa laini. Alikikwangua, akakichemsha, akakipaka mafuta ya kitani, akakianika juani na kukipaka tena. Mzee Hendrik alipata karabini yake, mfano wa ile bunduki fupi ya baba yake. Papa alinisimulia kwamba mzee aliipapasa yote kwa vidole, tangu kitako hadi ncha, mpaka chai yake ikapoa.

Siku hiyohiyo Papa alibisha kwa Bi Zuhura, akiwa ameoga na kuvaa shati la kanisani. Alimsalimu mwenye nyumba, akauweka mwiko mezani, akarudi kusimama mlangoni. Mama aliuchukua na kuugeuza. Dole gumba lake liliingia kwenye mfereji, likafuata mpaka katikati, likasimama. Mtu pekee aliyesogea alikuwa Bi Zuhura, aliyejifanya kutafuta sindano.

“Mapendo,” Mama alisema baadaye, “chukua sufuria.”

Tulirudi nyumbani. Gauni nililibeba mimi.

Mwiko huo Mama alinikabidhi nilipoolewa, na siku hiyo ndipo aliponiambia habari za bega. Askari alimpiga kwa kitako cha bunduki mlangoni petu Uvira, akimuuliza mume wake yuko wapi. Mume wake alikuwa nyuma ya nyumba, amelala kifudifudi kwenye shamba la mihogo, mimi chini ya kifua chake, kiganja chake mdomoni mwangu nisilie. Alisikia kila kitu. Angeinuka, tungekufa watatu. Hawakuwahi kuizungumzia siku hiyo, hata mara moja.

Nilimuuliza kwa nini basi Papa alikubali kazi ile. “Alitaka kuikata,” Mama alisema. “Moja tu, na mikono yake.” Nikauliza kama alitambua mwiko umetoka wapi. Alinicheka. “Baba yako ni fundi. Ule mufereji angeweza kuuziba, singejua kitu. Aliuacha kusudi. Kama angeuficha, singerudia.”

Nami nikakumbuka jambo la siku ile tuliporudi. Maji yalichemka, harufu ya kitani ikapanda, na Mama alianza kusonga kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Ugali ulipoanza kuwa mgumu aliuhamishia mwiko mkono wa kulia, akaweka dole gumba mferejini, akasonga mpaka mwisho. Papa alikuwa amesimama na sahani. Aliziweka chini, akatoka uani. Nilimfuata kwa hasira, maana chakula kilikuwa tayari na nilikuwa na njaa. Nilimkuta kati ya kamba za nguo, amenipa mgongo, kiganja chake kimefunika mdomo wake mwenyewe, mabega yanatikisika. Nilidhani anaficha kicheko tena, nikamvuta shati aje kula.